Mbayuwayu Elfu Nne Ambao Sikuwaona

Kosa nitakaloliweka wazi hapa lina jina rahisi: kuandika kile ambacho jicho halikukiona. Sizungumzii uongo wa mdomo, ambao siku mbili baadaye hakuna anayekumbuka aliusema nani. Nazungumzia uongo wa kalamu, wenye siku na saa, uliopangwa vizuri kati ya mistari, unaosafiri kwa posta na kuaminiwa na watu wasiokufahamu. Nimesoma vitabu vingi vyenye habari za dhambi kubwa za wafalme na majemadari, na bado sijakutana na dhambi inayotendwa kwa utulivu kama hii. Mimi niliitenda nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili, nimekaa kitini, miguu yangu mikavu.

Juma lililopita nilipita sokoni hapa Likasi mvua ikiwa imetoka kunyesha. Mwanamke mmoja alikuwa amepanga mikeka ya matete ambayo hayajakauka vizuri. Harufu yake ilinifikia kabla sijaiona mikeka yenyewe: tamu kidogo, kama muwa uliopasuliwa, na nyuma ya utamu ule uvundo wa matope. Nilisimama katikati ya njia. Mwanamke akadhani nataka kununua. Akaukunjua mmoja, akaupigapiga, akausifu, kisha akanitazama usoni na kuacha kuusifu. Niliondoka bila kumjibu. Nawaambia ninyi kile ambacho nilishindwa kumwambia yeye.

Tulikaa Panda, kambi ya wafanyakazi hapa Likasi, katika nyumba za kampuni ya madini, zile zenye chumba kimoja mbele na viwili nyuma, kila moja na namba yake mlangoni. Baba alikuwa pwenteri kiwandani kule Shituru. Kwa wasiojua, pwenteri ni mtu anayekaa langoni na kitabu kikubwa, akiandika nani ameingia kazini na nani hakuonekana. Baba aliipenda kazi ile kwa heshima ya ajabu. Kalamu yake ililala juu ya kabati, mahali ambapo mikono yetu haikufika, na jioni alirudi akinuka moshi wa kiberiti wa kiwanda, ananawa, anakaa, na kabla hajaonja bukari, ugali wetu, anataja majina ya waliokosa siku ile, kana kwamba anasali.

Chini ya kambi, pale mto unapotanuka na kuwa tope, palikuwa na matete marefu kuliko mtu mzima. Kila mwaka mvua zilipoanza, mbayuwayu walikuja kulala humo. Mchana walitawanyika juu ya vilima na mashamba, hata usingejua kwamba wapo. Lakini king'ora cha jioni kilipolia, walianza kurudi: kumi, hamsini, kisha wingi usio na mfano, wakizunguka juu ya matete kama majani ya chai katika maji yaliyokorogwa. Halafu, bila ishara yoyote ambayo mwanadamu angeweza kuiona, walimiminika chini wote pamoja. Matete yaliinama. Kelele zao zilifanana na mafuta yanayochemka. Baada ya robo saa, kimya.

Mwalimu wetu wa darasa la sita, Mwalimu Kabange, ndiye aliyewahesabu. Darasani tulilazimika kumwita Citoyen, yaani raia, kama amri ya wakati ule ilivyotaka. Nje ya darasa tulimwita Maître, mwalimu kwa Kifaransa, naye hakutukanya. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu na abacost moja ya kijivu, lile koti lisilovaliwa na tai, iliyong'aa viwikoni. Ujanani alikuwa amemsaidia mgeni mmoja, mtaalamu wa ndege, na mgeni yule alipokwenda zake alimwachia kituo. Msifikiri juu ya jengo. Kituo kilikuwa saa ya mkononi, daftari lenye jalada la kitambaa, boksi la kadi, na fremu ndogo ya waya.

Kazi yenyewe ilikuwa ya watu wengi. Kulikuwa na kituo kando ya ziwa Kivu, kingine kwenye maziwa ya Upemba, kingine ng'ambo ya mpaka huko Zambia, na vingine vingi kuanzia nchi za baridi hadi mwisho wa bara kusini. Wote walihesabu Alhamisi ileile, saa ileile ya jioni, kisha kila kituo kilituma kadi yake kwenye ofisi moja Ulaya. Mara moja kwa mwaka ofisi ile ilirudisha karatasi kubwa yenye ramani, na njia za ndege zimechorwa juu yake kama mishipa ya damu. Likasi yetu ilikuwa kitone cheusi. Tulikwenda mmoja mmoja mbele ya ubao kukigusa.

"Ndege hii," Maître alituambia, "muntu moja hawezi kumuona yote. Wa Kivu anaona mukia, minye naona kichwa, wa Zambia anaona kivuli tu. Tukiunga, njo tunapata ndege. Sasa wa katikati akisema bongo, wote wanabakia na ndege ya bongo. Munasikia?"

Tulisikia. Bongo, kwetu, ni uongo; lakini tulicheka kwa sababu ya mkia na kichwa.

Kadi hazikuwa na neno la lugha yoyote isipokuwa majina ya mahali. Kwa kuwa waliohesabu walisema lugha nyingi, kila aina ya ndege ilikuwa na namba yake. Uliandika namba ile, idadi, upande waliotoka, mahali walipolala, na sahihi. Kuhesabu nako kulikuwa na ufundi wake. Ulinyoosha mkono, ukaitazama anga kupitia fremu ya waya, ukahesabu waliomo ndani, kisha ukapima fremu ngapi zinalifunika lile wingu lote la ndege. Kwa kila fremu ulihamisha jiwe dogo kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mimi nilimfuata Maître mara nyingi, kwa sababu nilikuwa mwepesi wa hesabu na kwa sababu, lazima nikiri, nilipenda kuonekana nikimfuata.

Jambo moja alilikazia kuliko yote.

"Umefika, umeangalia, umekosa ndege. Unaandika nini?"

"Zéro, Maître."

"Muzuri. Na kama haukufika? Mvua, ao homa, ao uvivu ya bule?"

"Zéro pia, Maître."

"Ah, mama! Pale umetuua!" Alijipiga paji la uso hadi chaki ikabaki pale. "Haukufika, unaandika mustari. Mustari mudogo, hivi. Zéro inasema: minye nilikuwa pale, na ndege hawakuwa. Mustari inasema: minye sikuwa pale. Hata Monseigneur askofu anauguaka. Mustari haina haya."

Penye njia ya kushuka mtoni aliketi mwanamke mmoja aliyeuza mikate ya mafuta, ile ya mviringo inayouzwa asubuhi na jioni. Watu wake walitoka upande wa Kasongo. Walikuwa Waislamu, na mume wake alikuwa dereva wa lori. Alijifunga ushungi mweusi hata wakati wa joto, na sisi watoto tulimwita Mama Mikate, kana kwamba hakuwa na jina jingine. Sikuwahi kumwuliza. Maître aliwahi kuwavisha mbayuwayu kadhaa pete nyepesi za bati miguuni, zenye namba na anwani ya ofisi ile ya mbali. Watoto wa kambi waliwatega ndege kwa ulimbo na kuwachoma, kwa maana njaa ya miaka ile haikumheshimu mgeni. Maître hakuwapigia kelele. Alipatana na Mama Mikate: mtoto akileta pete, apewe mkate mmoja. Naye, kwa kumlipa, alimfundisha mwanawe wa kwanza kusoma. Pete hizo Mama Mikate alizitunza katika kopo la maziwa ya unga.

Kisha, mwezi mmoja baada ya ndege kuwasili, Maître aliugua manjano. Macho yake yakawa kama kiini cha yai. Aliniita nyumbani kwake, mkewe akanipa kiti, naye akanikabidhi daftari, saa, fremu, na kadi ambazo alikuwa amezitia sahihi tayari, moja kwa kila Alhamisi, ili nisihangaike kumrudia.

"Weye njo kituo sasa," aliniambia kutoka kitandani. Sikulala vizuri kwa fahari.

Alhamisi tatu za kwanza nilikwenda. Nilisimama penye tope na mawe mfukoni, na wavulana wakapita wakinizomea: "Ey, fundi wa ndege! Unatafuta bwana yako kule juu?" Mama Mikate aliwajibu kwa niaba yangu: "Anamutafuta, kweli. Anatafuta mwenye kuwa na akili, huku chini amekosa!" Wakacheka hata waliozomea. Niliandika nilichokiona: 3,600, 4,000, 3,850. Kutoka kaskazini. Wamelala katika matete ya Panda.

Alhamisi ya nne ilinyesha mvua kubwa, mvua ya kwetu inayofanya barabara kuwa mto mwekundu. Nilikaa mezani na daftari, nikachora mstari mdogo kwa penseli. Baba akasimama nyuma yangu.

"Hii mustari ni ya nini?"

"Ni juu ya kusema sikufika, Baba."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemwona mwanawe akijikata kwa kisu. "Mwana wangu, kule Shituru mustari ni absent. Mustari tatu, bantu wanamutosha, wanamufukuza ku kazi. Usiandikake mustari ku jina yako mwenyewe. Ile ndege iko kule, haiko?"

"Iko, Baba."

"Basi andika iko."

Nikafuta mstari. Nikachukua idadi za majuma matatu, nikatafuta ya katikati, nikaipunguza kidogo ili isionekane imetengenezwa. Niliandika 3,800. Tazameni jinsi mtoto anavyokuwa mjuzi mara moja! Nilitia kadi katika bahasha, nikaituma, na mbingu hazikuanguka. Alhamisi iliyofuata haikunyesha, lakini binti wa shangazi alikuwa amekuja na kamba ya kuruka. Iliyofuata sikumbuki hata kisingizio. Nne nilizijaza hivyo kwa saa ya baba ukutani, huku saa ya Maître ikilala ndani ya kabati bila kutiwa ufunguo.

Ya tano ya uongo ndiyo iliyotuangamiza. Jumamosi iliyotangulia palikuwa na Salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote. Wakubwa wa mtaa walikuwa wameamua kwamba matete yanazaa mbu, na wanaume mia kadhaa walishuka na mapanga wakiimba. Niliwasikia. Lakini akili yangu haikuunganisha mapanga na ndege, kwa sababu ndege wangu walikuwa wameacha kuhitaji matete. Waliishi ndani ya kalamu. Alhamisi jioni, nilipokuwa naandika, harufu tamu iliingia dirishani. Nakumbuka nilijiuliza nani anatafuna muwa. Kisha nikaandika 4,200. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuandika kaskazini kila mara, nikaandika, kwa kupamba tu, kusini-magharibi.

Walikuwa wamefika 4,200. Walitoka kusini-magharibi. Walilala Panda. Sahihi: Kabange.

Mnaoikumbuka miaka ile hamhitaji maelezo. Kwa wengine naeleza: vita vilikuwa vimekwisha kuingia katika jimbo letu mara moja, vikitoka upande wa Angola, ambako ndiko kusini-magharibi kwetu, na watu walinong'ona kwamba vitarudi. Barua za kwenda nje zilifunguliwa. Mtu mmoja katika ofisi ya kukagua barua aliifungua kadi isiyo na neno ndege, akasoma namba zile, na akaona jeshi.

Watu wa usalama walikuja na jeep mchana. Walimtoa Maître kitandani, wakabeba boksi la kadi, ramani, hata fremu ya waya ambayo nilikuwa nimemrudishia mkewe kwa kutoijali. Mkewe ndiye aliyesimulia baadaye. Walimwuliza: elfu nne na mia mbili, ni ba nani? Akajibu: ndege, citoyen, mbayuwayu. Wakamwambia awaonyeshe. Wakampeleka jioni hadi mtoni, akitetemeka kwa homa, akiwa na uhakika mkubwa, maskini, kwamba dakika chache zijazo mbingu yenyewe itamtetea. Gari likasimama. Mbele yao palikuwa na visiki vya matete na maji meusi.

"Matete ilikatwa ku Salongo, siku tano mbele ya hii kadi," mmoja alimwambia. "Minye mwenyewe nilikata. Elfu ine yako ililala wapi, mu hewa?"

Mwenzake akacheka: "Labda walipanga hoteli."

Maître aliitazama kadi. Aliiona sahihi yake, na juu ya sahihi yake mwandiko wangu, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameunyoosha kwa miaka miwili. Hapo alijua yote. Walimpiga ili aseme nani aliyempa idadi ile, na hakumtaja mtu.

Daftari lilikuwa kwetu. Ndani yake kulikuwa na miaka kumi na moja ya Alhamisi, kwa maneno kamili: mbayuwayu, korongo, tai wa nyika, mvua, upepo, namba za pete zote alizofunga na miguu ya ndege iliyochorwa pembeni kwa uangalifu. Mtu yeyote mwenye macho angeliona kwamba ni kitabu cha ndege. Baba alilifunga katika gazeti na kulizika ndani ya gunia la unga wa posho.

Siku ya tatu Mama Mikate alipiga hodi. Nilikuwa nachambua mboga ya lengalenga sakafuni.

"Karibu, Mama," baba alisema. "Leo hatununui mikate."

"Sikuleta mikate, Baba. Nafwata mutoto." Hakukaa. Kopo la maziwa lilikuwa chini ya ushungi wake, na kila aliposogea lililia. "Kitabu ya Maître iko na yeye. Tukamate kitabu, tukamate hizi pete, tufike kule. Namba ya pete inafanana na namba ya kitabu. Na mutoto aseme tu: ni minye niliandika, na sikufika. Mambo inaisha. Mutoto hawezi kufungwa."

"Kitabu gani?"

"Baba."

"Mama, angalia hii mulango. Iko namba, unaona? Nyumba ni ya kampuni. Wakinitosha leo, kesho niko ku barabara na batoto sita."

"Najua. Minye pia iko na batoto. Bwana yangu amenikataza kutoka, na nimetoka."

"Mutoto wangu hajue mambo ya ndege."

Ndipo alipogeuka kwangu. Hakuwa na hasira. Alichuchumaa hadi uso wake ukawa sawa na wangu. Alinuka mafuta na sukari. "Ni kweli, mama? Haujue?"

Baba hakunitisha. Hakunikonyeza, hakukohoa. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia kwamba alinikataza. Jibu lilikuwa langu.

"Sijue," nilisema.

Akakubali kwa kichwa, polepole. "Alhamisi tano sikukuona. Nilisema pengine unaugua, nikakuwekea mukate kila mara. Ile ya mwisho, kisha kukata matete, minye nilibakia pale. Ndege walifika. Walizunguka, walizunguka, walitafuta fasi ya kulala, wakakosa. Wakaenda zao na giza. Hata moja hakushuka. Zéro, kama Maître anavyosemaka." Akasimama, kopo likalia. "Basi, nitaenda sawa nilivyo."

Alikwenda peke yake, mwanamke asiyejua kuandika, na kopo la vipete vyenye maandishi ya kigeni, kwa watu wa usalama, mahali ambapo wanaume wa kambi yetu walizunguka njia ya mbali ili wasipite mbele yake. Walimweka siku mbili. Walimwuliza kwa nini anatunza alama za wazungu. Aliwaambia awezavyo: hii ilitoka mguuni kwa ndege, ililetwa na mtoto wa fulani, nikampa mkate. Aliwatajia zote, moja baada ya nyingine, kwa kumbukumbu ya kichwa, na mtu mmoja pale, ambaye nadhani alichoka kuliko alivyohurumia, akaandika barua kwenda Lubumbashi kuuliza kama pete kama hizo zipo duniani. Jibu lilichukua miezi miwili na nusu. Kwa daftari, pengine ingekuwa siku moja.

Mama Mikate alirudi kambini bila kopo. Mume wake alikuwa ameondolewa katika kazi ya lori wakati ule ule. Kabla Maître hajaachiliwa walikuwa wamekwisha kupakia vitu vyao, na meza yake ya mikate ilibaki penye njia iliyokuwa haiendi tena popote. Alipita kwa mke wa Maître kuaga. Kwetu hakupita.

Maître alirudi mvua zilipokwisha. Mbayuwayu walikuwa wameshaelekea kaskazini, kama walikuwepo. Jina lake lilikuwa limeondolewa katika orodha ya walimu. Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba, shingo yake ndefu imeinama. Nilimpa daftari likiwa bado na unga katika mishono. Baba ndiye aliyenituma. Sasa hatari ilikuwa kubaki nalo.

Alilishika bila kulifungua.

"Ulikuwa unaenda?" aliniuliza.

Hakukuwa na polisi pale. Hakukuwa na nyumba ya kupoteza wala kazi ya baba. Kuku walikuwa wanachakura. Nawaomba mlipime jambo hili kama ninavyolipima kila ninapolala: swali lilikuwa jepesi, na aliyeliuliza alikuwa amekwisha kulilipia.

"Ndiyo, Maître. Kila Alhamisi."

Akanitazama kidogo kwa macho yale yaliyobaki na rangi ya manjano. "Aksanti, mama," akasema. Na hakunitania, hakujipiga paji la uso.

Hakuhesabu tena. Mvua zilipoanza mwaka ule alikaa na mgongo wake umeelekea mtoni, naye akafa kabla hazijaisha. Matete hayakuota tena. Watu walilima viazi vitamu pale, na siwalaumu. Karatasi ya ramani ilikuja mara moja tu baada ya hapo. Kitone cha Likasi kilikuwa kimeachwa wazi katikati, duara tupu, alama ya mahali ambapo hakuna anayetazama. Kutoka Upemba hadi Zambia njia ya ndege ilichorwa kwa nukta za kukisia. Baba alimaliza kazi yake kwa heshima, akapewa cheti, na hatukuzungumza jambo lile hata siku ya kufa kwake.

Mimi nimekuwa mwalimu. Nimewaadhibu watoto wengi kwa kunakili kazi za wenzao, na wananiona mkali. Utawala ule ulikuwa mwovu; sitautetea. Lakini ulihitaji karatasi, na karatasi niliupa mimi. Ningeandika mstari, Maître asingeguswa. Ningeandika sifuri, watu wale wangefika mtoni wakakuta kile ilichosema kadi yake.

Miaka kumi iliyopita mjane wake aliniita. Alikuwa mzee, anahamia kwa mwanawe, na hakujua amwachie nani daftari. "Weye ulikuwa kituo," alisema, nami sikuwa na uso wa kukataa.

Nilidhani nalijua daftari lile. Sikujua kwamba Maître aliendelea kulifungua baada ya kurudi. Penye Alhamisi zangu tatu za kwanza hakugusa kitu. Pembeni aliweka alama ndogo ya vyema, kama alivyoweka kwenye mazoezi yetu. Nne zilizofuata alikuwa amezikata kwa wino, na juu ya kila moja amechora mstari mdogo ulionyooka. Basi alijua, siku ile aliponiuliza. Alikuwa amenifungulia ukurasa upya niujaze vizuri, na mimi niliujaza kama nilivyozoea.

Alhamisi ya tano ya uongo ilikuwa ya mwisho. Hapo alikuwa amefuta 4,200 na kusini-magharibi, akaandika sifuri kubwa, na mbele yake: matete yamekatwa, wamefika, wamezunguka, wameondoka. Alikuwa ameyapata maneno hayo kwa mkewe, ambaye aliyapata mlangoni kwa mtu aliyekuja kuaga. Mwisho wa mstari kuna nafasi ya jina la aliyetazama. Jina langu lilikuwa pale kwa mwandiko wangu mzuri. Alikuwa amelipitisha kalamu mara moja, bila kulichafua, na chini yake akaandika jina ambalo sisi watoto hatukuwahi kuliuliza: Sakina binti Ramazani.